Majina ya Juu

Katika vitu ambavyo mtu hupewa kabla hajajua kuomba wala kukataa, kimoja ni jina. Hulichukua tangu siku ile hata kaburini, na wengi hufa wasijue maana yake. Leo nataka kusema nanyi habari za majina ya namna moja tu, yaani yale yenye maana ya kuwa juu, au kuwa mkubwa kupita wengine. Na sababu ya kuyachagua ni kosa nililolifanya mwenyewe hapa Mkoani, tena darasani.

Majina haya yamo katika kila taifa. Ukisimama gatini hapa meli ya Unguja inapofika, ukaita "Ali!", hutakosa watu kadha wa kadha watakaogeuka, na maana yake ni aliye juu. Rafii ni aliyeinuliwa. Sultani halihitaji kufasiriwa. Mwinyi, yaani bwana, ni jina la heshima la Waswahili tangu zamani. Waebrania walikuwa na Abramu, baba aliyetukuka, na Yoramu, Bwana ametukuka. Warumi nao walikuwa na Maximus, mkubwa kupita wote.

Mimi nalibatizwa Yoramu. Nalipojifunza maana yake katika chuo cha ualimu cha misioni nalijivuna sana, kana kwamba mimi ndimi niliyetukuka. Sikufikiri ya kuwa jina lile halinitaji mimi hata kidogo, bali lamtaja Mungu. Wala sikukumbuka kwamba Yoramu mfalme wa Yuda, alipokwisha kukipata kiti cha baba yake, aliwaua ndugu zake wote kwa upanga.

Basi mwaka mmoja aliletwa darasani mwangu mtoto aitwaye Mkubwa. Jina hili si geni kwetu. Walakini mtoto mwenyewe alikuwa mdogo kuliko wote, hata alipoketi miguu yake haikufika chini. Siku moja, nalipokuwa nikiita majina, nalisema, "Mkubwa, simama tukuone!" Naye alikuwa amekwisha kusimama. Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Mtoto hakusema neno. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa, wala juma la pili yake.

Hapo moyo ukaanza kunisuta. Nikaupanda mlima wetu wa Mkoani, nikapita mjini, nikashika njia ya mashambani. Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yalikuwa yametandazwa mbele ya nyumba, na harufu imejaa njia nzima. Nikapiga hodi, bibi yake akanikaribisha. Alikuwa akichambua karafuu na kutenga makonyo. Nikamwamkia, nikasema, "Bibi, nimekuja kutaka radhi. Nalimcheka mjukuu wako kwa ajili ya jina lake."

Alinyamaza kitambo, mikono yake ikiendelea na kazi, kisha akasema, "Mwalimu, mama wa mtoto huyu alizaa watatu kabla yake. Hata mmoja hakuwahi kutembea. Alipozaliwa huyu alikuwa mdogo hata twaliogopa kumshika. Babu yake akasema, mwiteni Mkubwa, huenda Mungu akatuonyesha. Hatukumwita hivi kwa kuwa ni mkubwa, mwanangu. Twalimwita hivi tupate kumwona akikua."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwuliza mtoto yuko wapi, naye akanyosha kidole juu. Nikainua macho, nikamwona karibu na kilele cha mkarafuu, mahali ambapo mtu mzima hathubutu kufika, kwa maana matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika. Basi mimi Yoramu nalisimama chini, nikamtaka radhi mtoto Mkubwa aliye juu, hata shingo ikaniuma. Hakujibu, aliteremka polepole, akanipa mkono. Jumatatu alirudi shuleni.

Tangu siku ile nimeyafikiri sana majina haya, nikaona ya kuwa ni ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni jina litokalo katika nguvu. Mwaka 27 kabla ya Kristo, Seneti ya Roma ilimpa Octavian jina la Augusto, yaani mtukufu, alipokuwa amekwisha kuwashinda adui zake. Hapa Pemba, huko Pujini, yako magofu ya ngome ya Mkama Ndume, maana yake mwenye kuwakamua wanaume. Wazee husimulia kwamba aliwalazimisha watu kuchukua mawe ya kujengea wakienda wamechutama. Ngome ile ilijengwa wapata karne ya 15. Leo miti imemea ndani yake na kuta zimeanguka. Mpanda ngazi hushuka.

Namna ya pili ni jina la dua, nayo ndiyo iliyo bora. Waislamu hulihesabu jina Al-Aliyy, Aliye juu, katika majina mazuri ya Mungu; ndiyo sababu wengine humwita mtoto Abdulali, mtumwa wake Aliye juu. Yoramu nalo ni hivyo hivyo. Majina haya ni kama kidole cha yule bibi: hayasemi "nitazameni mimi", bali yaonyesha juu.

Tena mtu aweza kuchukua jina kubwa lisimharibu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa na mawili ya namna hii, Ali na Mwinyi, naye alianza kazi akiwa mwalimu wa shule Unguja. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya watu waliokufa mikononi mwa walinzi wa serikali huko Shinyanga, ijapokuwa hakuwaua yeye. Alishuka kitini ili kuubeba mzigo wa walio chini yake. Baadaye alikuwa Rais wa Tanzania, tangu 1985 hata 1995.

Nasi Wakristo tuna mfano upitao wote. Kaisari Augusto alipotoa amri watu waandikwe, alizaliwa Bethlehemu mtoto aliyelazwa horini. Jina lake halikuwa na maana ya utukufu, ila Bwana huokoa. Mtume aliwafundisha Wafilipi ya kuwa kwa sababu alinyenyekea hata kufa msalabani, Mungu alimwadhimisha juu ya wote. Na Mtume aliyeyaandika hayo aliitwa Paulo, ambalo kwa Kilatini maana yake ni mdogo.

Basi, enyi wazazi, mkipenda kumpa mtoto jina la juu, mpeni, lakini mfundisheni ni nani aliye juu. Na ninyi walimu wenzangu, mshikapo daftari asubuhi, kumbukeni kwamba mnazisoma dua za watu, na nyingine ziliombwa kwa machozi. Mungu atujalie kuzisoma kwa adabu.