Ukienda Tshangalele, ongeza siku mbili

Vakansi kubwa zikikaribia, katika nyumba nyingi za Likasi, Kambove na Lubumbashi utasikia neno moja: "Mwaka huu twende kwa maji." Kwa maji, maana yake Kapolowe, kwenye ziwa Tshangalele. Unajua namna inavyokuwa. Watu wanapanda kamyo asubuhi, wanafika, wanaogelea kidogo, wanakula bukari na samaki, muziki unapiga makelele, na jioni wanarudi na samaki wengine ndani ya kikapo. Ni vizuri. Mimi pia nawapenda wale samaki. Lakini wewe papa, wewe mama, ukiwa na watoto wa miaka 13, 15, 17, nakuomba usirudi siku ileile. Ongeza siku moja, na kama mfuko unakubali, ongeza mbili.

Kwa nini? Kwa sababu kwetu vakansi ni wakati wa karieri. Shule ikifungwa, kijana anaona mwenzake amerudi na simu mpya na viatu vipya, naye anaanza kutafuta nyundo na mfuko. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 16, aliniambia waziwazi: "Yomba, mi naenda kuchimba na benzangu. Huku kwetu hakuna kintu kingine, ni mashimo tu." Sikumkemea. Kijana ukimkemea kwa neno kama lile, anatoka usiku na humwoni tena mpaka mwezi uishe. Nilimwambia: "Sawa, lakini kwanza twende wote kwa maji." Alikubali kwa sababu ya samaki.

Siku ya kwanza tulibaki ziwani, bila muziki. Je, umeisha kuwaambia watoto wako kwamba lile ziwa si la tangu kuumbwa kwa dunia? Mto Lufira ulifungwa na baraji pale Mwadingusha, juu ya maporomoko, ili kupata umeme wa viwanda vya shaba. Umeme ule ulianza kutoka mwaka 1930, na maji yaliyozuiwa njo Tshangalele. Katika mafunjo ya pale kunaishi ndege mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, wa jamaa ya wale wanaosuka viota vyao. Alionekana na mtaalamu mmoja mwaka 1960, akaandikwa katika vitabu mwaka 1982, kisha wataalamu hawakumwona tena mpaka mwaka 2009. Hajulikani kuishi mahali pengine duniani isipokuwa bonde hili la Lufira. Kijana wangu alisema: "Wa hapa kwetu tu?" Ndiyo, wa hapa kwetu tu.

Kiisha mwonyeshe na upande mwingine. Mto Panda unapita Likasi, unapokea maji ya viwanda, unaingia Lufira, na Lufira inaingia ziwani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima samaki na mimea ya bonde hili, wakakuta ndani yake shaba na kobalti. Sisemi uache kula samaki, mimi mwenyewe nilikula. Lakini mtoto anayetaka kuingia shimoni afahamu kwamba kinachotoka shimoni hakiishi kwenye mizani ya mnunuzi.

Jioni, kando ya moto, tulisoma Yobu sura ya 28. Isome na wewe nyumbani. Wachimbaji wamo ndani, wananing'inia kwenye kamba mbali na watu, na vijana wote walinyamaza kwa sababu walijua kamba ile ni nini.

Siku ya pili unaweza kuchagua. Ukishuka mto, kupita Mwadingusha na Koni, kuna Mwashya, mahali pa chumvi. Kabla ya chumvi ya dukani, chumvi ya Mwashya ilitembea mbali kwa migongo ya watu, na Msiri alitajirika nayo pamoja na shaba na pembe za ndovu. Kama una motokari nzuri, nenda Bunkeya kwenyewe, mji wa Msiri, kaskazini ya Likasi. Babu zake walitoka Usumbwa, ambako leo ni Tanzania, na baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Pale Bunkeya njo alifika mmisionari Arnot mwaka 1886, na Wakristu wa Garenganze wanahesabu mwanzo wao toka siku zile. Pale vilevile njo Msiri alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Bodson, naye Bodson alipigwa risasi vilevile, akafa. Kichwa cha mfalme kilikatwa, na mpaka leo watu wanaulizana kiko wapi. Usiogope kuwaeleza vijana habari hiyo. Wanaangalia mambo mabaya zaidi katika simu.

Na kama pesa ya njia haitoshi, nenda Musée ya Lubumbashi. Utaona misalaba ya shaba, ambayo ilikuwa pesa ya mababu, na vyungu vilivyochimbuliwa makaburini Sanga, kwenye ziwa Kisale. Hapo mtoto wa dada yangu aliniuliza: "Yomba, hawa wazee walichimba mwaka muzima?" Hapana. Walichimba wakati wa jua, kiisha kuvuna mtama, na mvua ikikaribia walirudi mashambani. Alirudia maneno yale mara mbili: walirudi mashambani.

Sitakudanganya kwamba aliacha yote. Mwezi wa nane alienda karieri siku nne. Alirudi na mavumbi masikioni na pesa kidogo, akampa mama yake nusu, na mwezi wa tisa akaingia shuleni. Sasa ananisumbua: anataka tuwe Bunkeya tarehe 20 Desemba, siku ambayo Wayeke wanamkumbuka Msiri. Ninahesabu pesa.

Wewe unayepanga safari, sikia machache. Ukifika kijijini, pita kwanza kwa chifu na umwambie mmekuja kufanya nini. Uliza wavuvi mahali pa kuogelea, usichague mwenyewe. Maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu, yanashuka zaidi ya mita 300 na ni mazuri kuliko yote niliyotaja, lakini si safari ya siku moja na watoto. Yaache kwa vijana wenye miguu, wakati wa jua, pamoja na mtu anayejua njia. Kiubo ni rahisi zaidi, ila mawe yake yanateleza. Na ukipanda mtumbwi Tshangalele, hesabu watoto kabla ya kupanda, wahesabu tena mkishuka. Ukiona mtumbwi umejaa, ngojea ule mwingine.