Kitambaa Nilichosuka Mwenyewe: Safari ya Lusenda

Wiki hii siwaletei habari za likelemba wala za mkutano. Nawaletea safari fupi, kutoka Baraka mpaka Lusenda, na aibu kidogo niliyorudi nayo.

Nyumbani kwetu kuna PlayStation 2, ile nyembamba. Baba watoto aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kabla hajaenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi. Mashine hizo zilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, na utengenezaji wake ukasimamishwa mwanzoni mwa 2013. Kwa hiyo zote zilizobaki ni mizee. Baba akirudi likizo, yeye na mwana wetu wa miaka 12 huendeleza ligi yao ya mpira. Matokeo yote yamehifadhiwa ndani ya kadi ndogo inayochomekwa mbele ya mashine.

Mwezi uliopita mashine ikaanza kupiga kelele na kupata moto, mwishowe ikakataa kabisa kusoma sidi. Nikamgeukia mtoto: umeiangusha, unaishika na mikono ya mafuta! Akakana. Sikumwamini. Nikamnyima hata tele. Fundi mmoja wa mtaani aliitazama kwa nje tu, akasema imekufa, tutafute nyingine. Na huku baba alikuwa ametuma habari kwamba anarudi mwisho wa mwezi.

Jirani ndiye aliyeniambia, "Nenda Lusenda. Kuna mama pale sokoni mwenye sale ya michezo. Zake ni za zamani kuliko yako na bado zinacheza."

Nikaifunga mashine ndani ya kitenge, nikapanda pikipiki. Barabara ni ile ya kitaifa namba 5. Ukitoka Baraka kuelekea upande wa Uvira, Ziwa Tanganyika liko kuume na milima iko kushoto. Pale mwanzo unaiona rasi ya Ubwari ng'ambo ya maji. Kiangazi hiki kila gari likipita linaacha wingu la vumbi, na motari anasimama kidogo mpaka aone njia tena. Nilipofika nilikuwa na vumbi hata masikioni.

Lusenda wengi wanaijua kwa ajili ya kambi. Ilifunguliwa mwaka 2015, wakati ndugu zetu Warundi walipokimbia machafuko ya kwao. Lakini sokoni husikii kambi wala kijiji, unasikia watu wanapatana bei: Kibembe huku, Kirundi kule, Kiswahili katikati. Kuna ndagala, mihogo, mawese, na watoto wengi.

Sale ya yule mama ni banda la mbao lenye turubai, tele mbili, sahani ya jua juu ya paa na betri chini ya meza. Mlangoni ameandika kwa chaki: SAA ZA MASOMO TUMEFUNGA. Mechi moja ni franka 500, na hizo ndizo zinazolipa daftari na sare za watoto wake. Yeye ni mkimbizi, alikulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura wenye Waswahili wengi na mafundi wa magari wengi. Alisema, "Kaka zangu walikuwa magarajini. Mimi nilikuwa nawashikia taa. Anayeshika taa anaona kila kitu."

Nikaanza kumweleza makosa ya mtoto. Akanikatiza kwa upole.

"Dada, mashine inakaa wapi?"

"Sebuleni, chini ya tele."

"Na juu yake kuna nini?"

Nikajibu kwa fahari: kitambaa cheupe cha kroshe, nilichosuka mwenyewe.

"Mtoto akicheza, unakitoa?"

Nikanyamaza. Sikuwahi kukitoa. Kinapendeza.

"Basi umeiziba pua," akasema. "Na jiko la makala?"

Jiko liko mlangoni, hatua tatu tu.

Akaigeuza mashine, akafungua misumari ya chini na kuipanga juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule aliyoitoa, kwa kuwa haifanani urefu. Alipoinua kifuniko niliona haya. Feni ilikuwa imevaa vumbi kama sufu, na ndani ya vumbi mlikuwa na nyuzi nyeupe za kitambaa changu. Kulikuwa na mende pia, amekauka. Mende wanapenda joto la mashine.

Wamama, niliandika alivyofanya, nasi tunaweza kufanya karibu yote. Kwanza alikuwa ametoa waya wa umeme. Feni aliishika kwa kidole isizunguke, akaisugua kwa brashi laini kavu, na matundu ya hewa vilevile. Kisha akanionyesha jicho linalosoma sidi, dogo kama tone la maji. Lilikuwa na ukungu. Moshi wa jikoni una mafuta, na mafuta hushika vumbi. Alichovya pamba kidogo katika alkoli safi ya famasi isiyo na rangi, akaikamua, akalizungusha polepole bila kukandamiza, akasubiri likauke. Nikamuuliza kama kanyanga inafaa, maana nayo ni pombe kali. Akacheka. Kanyanga ina maji na uchafu wake, inaacha doa. Na reli ya jicho haipakwi mawese, bali grisi nyeupe kidogo sana. Ule utepe mwembamba wa waya ndani, usiuvute kamwe. Asiye na uzoefu asifungue misumari. Kwenye hii nyembamba, ukiinua mlango wa sidi tu jicho unaliona.

Sidi nayo hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Manete hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na mikono ioshwe kabla ya mchezo.

Akaiwasha. Ikanyamaza kidogo, kisha sidi ikazunguka na picha ikatokea. Kadi ilikuwa salama. Ligi ya baba na mtoto ilikuwa pale pale walipoiacha. Aliniomba franka elfu tano. Nikamwongezea na sabuni mbili nilizokuwa nazo.

Nilifika Baraka jioni. Mwanangu alikuwa anaosha sahani bila kuniangalia. Nikamwambia, "Mwanangu, kosa halikuwa lako. Lilikuwa langu, ni kitambaa changu. Nisamehe." Alinitazama kwa muda mrefu, kwa sababu hajawahi kusikia neno hilo likitoka kwangu. Kisha akauliza kama kadi ipo.

Kitambaa changu sikukitupa. Mashine ikilala, tunaifunika, vumbi lisiingie. Ikiamka, kinatoka. Jiko nimelihamishia nyuma ya nyumba, na kila Jumamosi mtoto ana brashi mkononi nami nashika taa.

Baba anafika wiki ijayo.