Barua kutoka Leeds: Chumvi Inayokula Chesisi

Wasomaji wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, huku Uingereza baridi imeanza kuuma, na magari ya kumwaga chumvi yameingia kazini. Yanatoka usiku watu wamelala, yakirusha barabarani chumvi ya mawe, kama ile inayochimbwa chini ya ardhi Winsford, Cheshire, tangu 1844. Chumvi huzuia maji yasigande kuwa barafu, na hivyo huokoa maisha ya watu. Lakini maji hayohayo yenye chumvi hurukia uvunguni mwa magari msimu mzima wa baridi, yakapenya ndani ya chesisi na kukaa humo.

Kijana mmoja wa Nkwenda anayefanya kazi ghalani hapa Leeds alipigiwa simu na baba yake mdogo.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kahawa imetutoa mwaka huu. Tuonee pikapu huko. Wazungu wanatunza magari."

Hilo neno la mwisho ndilo linalowaponza wengi.

Pikapu aliipata: kabini mbili, usukani kulia kama wa nyumbani, rangi inang'aa, injini haitoi moshi. Kijana huyo alikulia gereji. Akavua koti, akatandika boksi kwenye sakafu yenye unyevu, akaingia uvunguni. Chesisi ilikuwa imepakwa lami nyeusi, mpya kabisa. Akaanza kuigonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele. Ngaa, ngaa, chuma kinaitikia. Alipofika nyuma ya kabini, pale sehemu ya mizigo inapoanzia, sauti ikafa: tup. Akagonga tena. Lami ikapasuka, vikamwagika vipande vyekundu, vyepesi, tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kahawa yanavyomwagika mashineni. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini.

Aliinuka, akajipangusa, akamrudishia muuzaji ufunguo.

Chesisi ya pikapu nyingi ni boksi la chuma lililo wazi ndani. Tope lenye chumvi likishaingia halioshwi kwa maji ya juujuu, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Tundu linapoonekana, chuma kilishakwisha zamani. Hapa Uingereza zipo Nissan Navara za toleo la D40 zilizokatika vipande viwili, kabini huku na mizigo kule, na magazeti yalizipiga picha. Marekani, Toyota ilikubali mwaka 2016 kumaliza kesi ya kutu ya chesisi iliyohusu magari yapatayo milioni 1.5: Tacoma za 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 hadi 2008. Gharama ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Kampuni ilikubali kukagua chesisi na kubadilisha zilizooza. Jina kubwa la gari, basi, si kinga.

Sasa ifikirie pikapu kama hiyo ikitoka Nkwenda kwenda Murongo, imepakia ndizi hadi juu ya kabini, na abiria wamekaa juu ya mikungu. Kila shimo la barabara linaikunja chesisi palepale nyuma ya kabini. Fundi wa kuchomelea atabandika bati, lakini bati linashika ganda la kutu, halishiki chuma. Hapo hakuna fundi wa kulaumiwa.

Inauma zaidi kwa sababu Karagwe yetu ni nchi iliyojua chuma. Miongoni mwa hazina za watawala wake wa Bweranyange walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, kazi ya wahunzi wetu wenyewe. Wajukuu wa wahunzi hao hawapaswi kuuziwa kutu iliyopakwa rangi.

Kinga ipo, na haina gharama. Gari la hapa likifikisha miaka mitatu hupimwa kila mwaka, kipimo kinachoitwa MOT. Mpimaji hutazama kutu, hasa karibu na mahali springi na breki zinapofungwa kwenye chesisi. Matokeo ya tangu 2005 yapo kwenye tovuti ya serikali, na yeyote mwenye namba ya usajili huyasoma bure, hata akiwa Kaisho. Kwa magari ya Japani, dai karatasi ya mnada: herufi S huonyesha kutu, C huonyesha chuma kilicholiwa. Na kama gari limetoka Hokkaido, kwenye theluji nyingi, ongeza maswali.

Kwa hiyo, baba zetu na kaka zetu, kabla ya kutuma hela ya kahawa, ombeni namba ya usajili, picha za uvunguni, na video ya mtu akigonga chesisi kwa nyundo mbele hadi nyuma, sauti ikisikika. Muuzaji akikataa, msimtumie hata shilingi. Ile pikapu ya Leeds bado inauzwa, na pale palipotobolewa na bisibisi pameshapakwa lami upya.