Barua za Wakubwa wa Kivu

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kupiga barua kwa mashine. Mwaka 1954 Goma ilikuwa mji mdogo: ofisi chache, maduka, gati ya Ziwa Kivu, barabara moja ikielekea Rutshuru na nyingine Sake. Wakubwa wa mabwana wetu walikuwa Bukavu, ambayo wazungu wengi bado waliiita Costermansville, na juu ya wote alikuwa Gavana Mkuu Léon Pétillon, kule Léopoldville. Sisi makarani tuliujua ugomvi wao kabla ya mtu mwingine yeyote, maana kila neno zito lilipita chini ya vidole vyetu, nakala nne, karatasi za kaboni katikati.

Vijana wa leo hudhani Bulamatari, yaani serikali ya koloni ya Wabelgiji, alikuwa mtu mmoja mwenye kauli moja. Sivyo. Mlima mmoja ulikuwa na mabwana watatu. Kulikuwa na utawala wa teritware, uliotoza kodi na kuwasimamia mashefu. Kulikuwa na Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928 kwa mfano wa ile ya Katanga, ikapewa mamlaka ya kuwagawia walowezi na makampuni ardhi iliyosemwa haina mwenyewe. Na kulikuwa na Hifadhi ya Albert, iliyotangazwa mwaka 1925 na kupanuliwa baadaye. Tangu 1934 ilikuwa chini ya taasisi yenye makao Brussels, ambayo haikungoja amri ya gavana wetu. Mkulima aliyetoka asubuhi na jembe lake chini ya volkano ya Nyiragongo aliweza kuwa mlipa kodi mwema kwa bwana wa kwanza, mvamizi wa ardhi kwa wa pili, na mharibifu wa msitu kwa wa tatu, naye hajasogea hatua moja kutoka shambani kwa babu yake.

Kwa hiyo waligombana, na waligombana sana. Lakini kulikuwa na sheria isiyoandikwa: mtu mweusi asione. Bwana wetu (jina lake naliacha, na ofisi aliyogombana nayo naiacha pia) alikuwa na hasira za kupasua meza. Alitembea chumbani akifoka, kisha akaketi na kunisomea barua iliyoanza kwa kumwambia mwenzake kwamba ana heshima kubwa ya kumjulisha jambo fulani. Jambo lenyewe lilikuwa ukanda wa mashamba ya mtama na maharage. Mwenzake alisema umo ndani ya mpaka wake. Bwana wetu alisema akiwaondoa watu wale hatakuwa na mahali pa kuwapeleka, na kodi ataitoza kwa nani?

Nimeuona mwenendo huo mara nyingi, na hatua zake hazikubadilika. Kwanza mkubwa aliye juu yao wote wawili aliwaalika chakula cha mchana Jumapili, na Jumatatu barua zikapoa kidogo. Zikichemka tena, faili lilipanda ngazi: komisari wa wilaya, gavana wa jimbo, Léopoldville, na mwishoni waziri wa makoloni. Kila ngazi iliongeza maelezo yake pembeni. Aliyekuwa na rafiki karibu na waziri hakuhitaji kupanda ngazi hizo zote, na mara nyingi huyo ndiye aliyeshinda. Sikumbuki hata barua moja iliyouliza nani alitangulia kulima pale.

Katika ugomvi ule wa mashamba walifanya uchunguzi. Meza ikawekwa chini ya mti, wazungu wawili wakakaa, nami nikasimama kutafsiri kwa Kiswahili. Mzee mmoja wa kijiji alisimama na fimbo yake akasema, "Mtoto wangu, waambie Bulamatari nitawaonyesha." Akaanza kutaja. Miti ya mivumu iliyopandwa na babu yake, makaburi, mahali moto wa mlima ulipopita na mahali ulipoishia, nani alimpa nani shamba na kwa mbuzi wangapi. Alisema tangu umande haujakauka hadi jua likawa utosini. Nilitafsiri kila jina. Wiki iliyofuata niliipiga ripoti, na asubuhi yote ile ilikuwa mstari mmoja wa Kifaransa: wenyeji wanaomba ardhi zaidi. Mzee hakuomba. Alikuwa anatoa ushahidi.

Jibu lilichelewa miezi mingi. Lilikuja na shukrani kwa pande zote mbili kwa bidii yao, mpaka ukabaki ulivyochorwa, na watu wa ukanda ule wakaambiwa wavune kisha wahame. Bwana wetu alikuwa amemaliza muhula wake. Alikwenda Ubelgiji likizo na aliporudi Kongo akapangiwa jimbo lingine. Mwenzake naye alihamishwa baadaye. Hivyo ndivyo walivyokata kesi: waliwatenganisha wagomvi, hawakugusa ugomvi. Nasema wazi kwamba adabu ile, yenye heshima nyingi juu ya karatasi, ilikuwa ukatili kwa waliokuwa nje ya karatasi.

Pazia la adabu ile lilianza kupasuka nje ya Goma. Waziri Buisseret alipoleta shule za serikali zisizo za kidini, tuliwasikia mapadri wakimsema hadharani, nasi tukashangaa kwamba waziri anaweza kusemwa. Kisha 1959. Mwezi wa kwanza Mfalme Baudouin alitamka neno uhuru redioni. Mwezi wa sita waziri mpya, Maurice Van Hemelrijck, alifika Bukavu, na walowezi walimzomea na kumrushia nyanya kwa kuwa waliona anatukabidhi nchi haraka mno. Mzungu akimrushia nyanya waziri wa mfalme wake, mchana, mbele yetu! Ofisini hakuna aliyefanya kazi siku habari ile ilipofika. Mwezi wa tisa alijiuzulu. Walowezi wa pareto na kahawa waliokuja ofisini hawakujali tena kufunga mlango walipobishana.

Kuelekea tarehe 30 Juni 1960 masanduku yalipakiwa. Sehemu kubwa ya makaratasi ya utawala wa koloni ilipelekwa Ubelgiji, na faili letu sikuliona tena. Hifadhi ilipewa jina la Virunga mwaka 1969, miaka kumi baadaye ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia, na naipenda misitu ile kama mtu yeyote aliyezaliwa chini yake. Lakini mpaka ni uleule. Wajukuu wa mzee yule wanalima kando yake, na wanapobishana na walinzi huambiwa walete karatasi. Wawili kati yao walinijia nyumbani mwaka jana. Niliwaandikia majina yote ninayoyakumbuka, ya mivumu na ya makaburi, nikatia sahihi, nikawaambia wampelekee shefu nakala moja na nyingine wabaki nayo.