Land Rover ya Zamani ku Njia ya Katanika

Kalemie watu wengi wanaijua kwa bandari yake, na kwa reli iliyofika ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915, wakati mji uliitwa bado Albertville. Katanika hawakuijua sana, mpaka miaka ya 2016 na 2017, wakati watu wengi waliokimbia vita ya Watwa na Waluba walikuja kujenga vibanda vyao pale, nje ya mji.

Ku njia ile pikipiki ndizo zinabeba watu. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hapandi pikipiki usiku wa mvua. Anangoja motokari. Na motokari tuliyokuwa nayo usiku ule ni Land Rover ya mzee mmoja wa kanisa, aina ya Series IIA ya petroli, zile zilizotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Mama akapandishwa. Mzee akatia kontakti: tak! Basi. Kimya.

Vijana wakasema, “Baba Pasta, demareri imekufa. Tusukume tu.” Mwingine akaanza kuhesabu bei ya demareri nyingine kutoka Kigoma.

“Iko mzima,” mzee akajibu. “Washeni kwanza mataa.”

Wasomaji, shikeni jambo hili, maana familia nyingi zinauza mbuzi kwa ajili ya demareri isiyokuwa na ugonjwa. Washa taa za mbele, halafu jaribu kuwasha injini. Taa zikibaki na nguvu na husikii kitu, tafuta ku nyaya na ku swichi kubwa ya demareri. Ukisikia demareri inalia kwa kasi lakini injini haizunguki, jino lake dogo halishiki gurudumu la injini. Mara nyingi ni uchafu tu. Taa zikififia sana, ni batri dhaifu, ao vichwa vya batri vyenye kutu, ao jino limekwama.

Mzee akakwangua vichwa vya batri kwa kisu. Akaangalia pia ule mkanda wa waya unaounganisha injini na chesi, ambao watu wanausahau siku zote. Hewa ya unyevu inaula. Bado tak. Ndipo akachukua spana ndogo. Nyuma ya demareri za namna hii kuna kifuniko kidogo, na chini yake ncha ya chuma yenye pembe nne. Akazungusha ncha ile, jino likaachia. Injini ikawaka, wamama wakapiga vigelegele. (Unayetaka kubadili batri ya gari kama hii, angalia: zile za kabla ya 1967 hivi, ni waya ya chanya ndiyo inashikwa ku chesi. Ukigeuza, unaharibu.)

Halafu ikaja vita ya pili: vitesi. Ya kwanza ikakataa kuingia, ikasaga meno hata mama akashtuka. Mzee akazima injini, akajaribu tena: vitesi vyote vikaingia laini kabisa. Hapo ugonjwa ukajulikana. Vitesi vikiingia wakati injini imezimwa, na vikasaga wakati inazunguka, usifungue bwati. Ni ambrayaje haiachii vizuri. Akakanyaga pedali mara tatu nne kwa haraka, ya kwanza ikaingia. Maana yake hewa imeingia ndani ya mpira, ao mafuta yamepungua ku kikopo chake. Kikopo kile kinataka mafuta ya freni tu. Wako watu wanaotia mafuta ya injini, wanasema mafuta ni mafuta. Mipira ya ndani inavimba, na hapo ndipo gharama ya kweli inaanza.

Njiani nilimwangalia mguu wake. Series IIA inasaidiwa ku vitesi vya tatu na vya nne tu. Vya kwanza na vya pili dereva mwenyewe ndiye anapatanisha meno. Kushuka toka tatu kwenda mbili, mzee alikanyaga ambrayaje, akarudisha katikati, akaachia, akapiga gesi kidogo, akakanyaga tena, ndipo akaingiza. Vijana wa leo wanaona ni kazi bure. Mama aliyelala nyuma hakusikia hata mshtuko mmoja.

Tulifika hospitali saa nane za usiku, mtoto hajazaliwa bado. Mzee aliegesha Land Rover juu ya mteremko, pua ikitazama chini, kwa sababu batri ile hakuiamini.