Mti Mmoja kwa Siku

Saa nne usiku, mwezi wa Oktoba, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa katika banda la gari la shemeji yangu huko Pennsylvania. Ametandika blanketi kuukuu sakafuni na kupanga vitu vyake juu yake kama mama wa sokoni anavyopanga mafungu ya dagaa. Kamba tatu. Vipande vinne vya ngazi vya alumini. Kijukwaa cha kusimamia, kidogo kuliko sinia la pilau. Mkanda mpana wa kitambaa wenye vitanzi vya miguu. Pembeni kuna mizani ya kuning'iniza, ile ya wavuvi, na daftari.

Dada yangu ameolewa huko, na mwaka juzi nilikwenda kuwatembelea kwa wiki tatu. Shemeji ni mtu wa maneno machache. Kiswahili chake kinaishia kwenye "shemeji" na "karibu chai". Lakini usiku ule aliongea kuliko siku zote nilizokaa kwake, maana alikuwa anafunga mzigo wa kuwindia, na kumbe watu wa aina yake hufungua moyo wakiwa wanafunga mizigo.

Yeye anawinda swala wa huko, wale wenye mkia mweupe kwa chini, kwa upinde. Zamani alikuwa anakaa kwenye kiti cha chuma kilichofungwa juu ya mti msimu mzima. Tatizo, aliniambia, ni kwamba swala si wajinga. Ukikaa mti uleule siku ya tatu, wanapita mbali. Kwa hiyo siku hizi anahama: kila siku mti mwingine, kwa kufuata nyayo na upepo. Pennsylvania ina zaidi ya ekari milioni 1.5 za ardhi ya umma ya kuwindia, na ukitaka kuwa mbali na wawindaji wengine inabidi utembee. Na ukitembea kilomita mbili gizani, kupanda na kushuka vilima, kila gramu mgongoni unaijua kwa jina.

Ndiyo maana ya ule mkanda. Wenyewe wanauita tandiko. Unauvaa kiunoni ukiwa bado nyumbani, na ukishafika juu ya mti unakaa ndani yake ukiutazama mti, umeegemea nyuma kama mtu aliye kwenye bembea, miguu kwenye kijukwaa. Kamba moja imefungwa kwenye mti juu ya kichwa chako, imekushika kiunoni. Hakuna kiti cha kubeba. Kiti ni wewe mwenyewe na kamba.

Alinionyesha kimoja kimoja. Kamba ya kwanza ni ya kupandia: inazunguka mti na kurudi kiunoni, unaisogeza juu kila unapopanda hatua. Ya pili ndiyo ile ya juu, ya kuning'inia. Ina fundo dogo la kamba nyembamba linaloitwa Prusik, kwa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria. Ukilisukuma kwa mkono linateleza; uzito wa mwili ukilishukia linakaba palepale. Nilijaribu mara tano, kama mtoto aliyepewa toi. Ya tatu ni nyembamba tu, ya kuvutia upinde juu, kwa sababu huruhusiwi kupanda na silaha mkononi.

Kisha akaanza kupima. Tandiko, zaidi kidogo ya kilo moja. Kijukwaa, kilo moja na nusu. Vipande vya ngazi, gramu 800 kila kimoja. Alikuwa ameondoa buku zima la mkanda wa ziada kwa mkasi, akazichoma ncha kwa kiberiti zisifumuke. Kila chuma kinachoweza kugonga chuma kingine alikuwa amekiviringishia utepe wa kitambaa, kwa sababu msituni alfajiri mlio wa alumini unasikika mbali. Jaketi nene hakuivaa. Aliifunga nje ya begi. Ukitembea nayo utatoka jasho, na ukikaa juu ya mti jasho litakugeukia barafu. Halafu akafunga kwa mpangilio wa kinyume: kitakachohitajika mwisho kiliingia kwanza, na kamba ya kupandia ilibaki nje kabisa, ikining'inia kiunoni, kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza.

"Sheria ni moja tu," aliniambia. "Mguu ukiacha ardhi, umefungwa. Ukirudi ardhini, ndipo unafungua. Katikati hapo hakuna sekunde ya kuwa huru."

Nilimwuliza anapanda urefu gani.

"Mita sita," akasema.

Nikacheka. Sikukusudia. Baba yangu alikuwa mkwezi.

*

Kwetu ni Pangani, mkoa wa Tanga, na nyumba tuliyozaliwa ilizungukwa na minazi ile mirefu ya kienyeji inayopita mita ishirini ikizeeka. Baba alikuwa anaikwea akiwa na panga kiunoni na kitanzi cha kamba ya makumbi miguuni. Basi. Hiyo ndiyo orodha yake yote ya vifaa. Wala hakuhitaji daftari.

Kwa wasomaji wa bara: kwenye shina la mnazi mkwezi hukata vishimo vya kuwekea nyayo, na kishimo kimoja huitwa kidato. Ndiyo, neno lilelile la shule. Nilipofaulu kwenda kidato cha kwanza, baba alisema yeye amekwishapita vidato elfu moja na hajapewa cheti. Alisema akiwa amekaa, kwa sababu wakati huo hakuwa anakwea tena.

Alianguka nikiwa darasa la sita. Hakuteleza. Wakwezi wazoefu hawatelezi. Alikuwa ameshafika kileleni, mkono mmoja una panga, mwingine umeshika kuti, na lile kuti lilikuwa limeoza kwenye shina lake bila kuonekana. Likang'oka. Nazi zilizokuwa chini zilichukuliwa na watu wengine siku ile, na mwenye shamba alituma pole na sukari kilo mbili. Nyonga ya baba haikurudi mahali pake. Ni mtu wa fimbo mpaka leo.

Nilipoanza kazi gazetini, habari za wakwezi kuanguka zilikuwa zinaletwa na waandishi wa mikoani. Huwa ni aya moja, ukurasa wa ndani, pembeni mwa tangazo. Nimezihariri nyingi. Nilikuwa nazipunguza maneno kama mwenzangu yeyote, na sikuwahi kumwambia mtu pale ofisini kwa nini nikimaliza nilikuwa natoka nje kidogo.

Kwa hiyo usiku ule, mbele ya kamba tatu za mtu anayepanda mita sita kwa starehe yake, kicheko kilikuwa cha kwanza tu. Kilichofuata ni hasira. Si kwa shemeji. Yeye hana kosa. Ni hasira ya kuona kwamba kitu kilichomkosesha baba mguu kina uzito wa nusu kilo na kinaingia mfukoni.

Nilitoka nje nikampigia. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, ametoka kuswali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku huko? Kuna nini?"

Nikamweleza yote, kamba na fundo na kijukwaa. Alisikiliza. Halafu akauliza maswali matatu, na sijawahi kuhojiwa vizuri namna ile na mhariri yeyote.

La kwanza: "Na huo mti anaujua?"

Nikamwambia shemeji huchagua mti ulio hai, ulionyooka, usio na matawi makavu juu. Akasema vizuri, huyo mtu ana akili.

La pili: "Anakwea mingapi?"

"Mmoja."

"Mmoja kwa saa?"

"Mmoja kwa siku, baba."

Kimya. Kisha nikamsikia anacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyeelewa jambo. "Basi ana nafasi ya kufunga," akasema.

La tatu lilikuwa: "Na panga analishika wapi?"

Sikuwa na jibu. Shemeji hana panga. Akifika juu anakaa kimya saa nne.

*

Wakati naondoka, shemeji alinipa tandiko lake la zamani na kamba ya kupandia. Nilirudi navyo kama mtu aliyeleta dawa. Pangani kuna mtoto wa baba mdogo, kijana wa miaka ishirini na nne, ndiye anayekwea sasa katika ukoo wetu. Nilimvalisha. Nilimfundisha fundo. Majirani walikuja kuangalia, na baba aliletewa kiti.

Mnazi ambao kwa kawaida humchukua dakika tatu kupanda ulimchukua tisa. Mnazi hauna matawi, kwa hiyo kamba haikukwama popote, lakini kila kidato inabidi usimame, uilegeze, uirushe juu, uikaze, ndipo unyanyue mguu. Aliposhuka alikuwa anatabasamu kwa heshima.

"Kaka, ni kitu kizuri," akasema. "Lakini wakwezi tunalipwa kwa mnazi. Nikifunga hivi kila mti, nitamaliza kumi wenzangu wamemaliza thelathini. Kesho mwenye shamba anamwita mwingine."

Hapo ndipo nilipoelewa swali la pili la baba. Kwa shemeji uzito ni kilo, na anaupima kwa mizani ya samaki. Kwa mkwezi uzito ni dakika. Kamba ya nusu kilo, ukiizidisha kwa miti thelathini, inakula mshahara. Ni kifaa chepesi kwa mtu anayepanda mara moja kwa siku na ambaye nyama akiikosa atanunua dukani. Sisi tunaopenda kusema "wakwezi wetu hawajali usalama" tungefanya vizuri kuhesabu kwanza hizo dakika ni za nani na nani anazilipia. Mwenye shamba hazilipii. Mnunuzi wa nazi hazilipii. Mimi nikinunua dafu pale Posta sizilipii.

Swali la tatu nalo lilijijibu. Baba aliomba aione ile kamba. Akaipapasa, akaikunja, kisha akaiweka juu ya gogo na kuigusa kwa panga la kijana, taratibu tu, bila kuipiga. Nyuzi za juu zikakatika.

"Huyu shemeji yako anakaa," akasema. "Sisi tunakata."

Kumbe kule Marekani hilo wanalijua, ila wanalijua watu wengine. Wale wanaokata miti mijini kwa misumeno hawatumii kamba ya mwindaji; wana ya kwao yenye waya wa chuma ndani. Nilimwandikia shemeji, akaniagizia moja. Ni nzito karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Mzigo wetu, baada ya kuhangaika na gramu bahari nzima, uliishia kuongezeka uzito.

Tulichokubaliana ni hiki. Tandiko limebaki ndani ya begi. Kijana anavaa mkanda imara kiunoni, ule wa kazi, na kamba ya waya imeviringwa ubavuni. Anakwea kama wakwezi wote, kwa vidato na kitanzi. Akifika kileleni, kabla hajachomoa panga, anaizungusha kamba kwenye shina na kuifunga. Nusu dakika. Anakata akiwa na mikono miwili, hana haja ya kuamini kuti. Akimaliza, panga linarudi kiunoni, kamba inafunguliwa, anashuka.

Shemeji nilipomwambia hakufurahi. Kwake yeye huo ni usalama nusu: njia nzima ya kupanda na kushuka kijana yuko huru, na neno hilo kwake ni neno baya. Ana haki. Sikubishana naye. Nilimwambia tu kwamba baba alianguka kileleni, mkono kwenye kuti, na kwamba kwa nusu dakika ile asingeanguka.

Jibu lake lilichelewa. Kisha akauliza kama nahitaji kamba nyingine ya waya, kwa ajili ya mkwezi mwingine. Nikamjibu ndiyo.

Juzi nilimpigia kijana jioni. Alikuwa amekwea minazi ishirini na sita. Sikumwuliza amelipwa kiasi gani. Nilimwuliza kama alifunga.

"Nilifunga," akasema. Kisha, kwa sababu ni mkweli: "Yote isipokuwa miwili. Jua lilikuwa linazama."

Nilimwambia sawa, kapumzike. Nilipokata simu nilibaki nimekaa. Bado naifikiria hiyo miwili.