Feruzi ya Nishapur

Kaskazini-mashariki mwa Iran, katika nchi ya Khorasan, upo mji wa Nishapur. Wasomaji wa hadithi wanaujua kuwa ndiko kwao Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261 wa Hijria. Masonara nao wanaujua kwa feruzi, jiwe la buluu lililochimbwa katika milima ya jirani kwa zaidi ya miaka 2,000. Jina lenyewe limetufikia kutoka Kiajemi, na hapa pwani tumewapa hata watoto wetu wa kiume.

Milima hiyo ni mikavu. Mvua inyeshapo, maji hupenya katika nyufa za mwamba yakichukua shaba, alumini na fosfati; kisha hukauka, na vitu hivyo hubaki vikigandamana kidogo kidogo hadi vikawa jiwe. Ndiyo maana feruzi hupatikana zaidi katika mishipa myembamba. Shaba huipa buluu. Chuma kikiingia, rangi huelekea kijani. Mwanga haupenyi ndani yake kama unavyopenya katika yakuti. Uzuri wake wote umekaa usoni.

Mafundi wa Iran huichonga kwa mgongo wa mviringo, wakaitia katika pete na mikufu. Vipande vidogo hupangwa juu ya vyombo vya shaba mpaka chombo chote kikavaa buluu.

Lakini feruzi ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Hunywa mafuta, jasho, sabuni na marashi, rangi ikafifia au ikageuka kijani. Basi, dada mpendwa, maliza kwanza kujipaka mafuta na marashi ndipo uvae pete yako. Na urudipo nyumbani, ivue na kuifuta kwa kitambaa laini.

Uzuri ulio usoni ni rahisi pia kuigizwa. Yapo mawe meupe ya bei nafuu yanayotiwa rangi na kuuzwa kwa jina la feruzi. Kuyauza si kosa iwapo muuzaji ameeleza. Kosa ni kuficha. Imamu Muslim mwenyewe amepokea katika Sahihi yake kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta majimaji yamefichwa chini ya kilicho kikavu, akamkanya mwenye mali. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize sonara: jiwe hili limetiwa nini? Aliye mwaminifu hataona uzito kukujibu.